Kusoma Gari Kabla ya Kulinunua
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

 

Somo letu la leo ni juu ya gari. Sisemi gari la fahari, wala lori. Nasema lile gari lenye safu tatu za viti, linalochukua watu saba au wanane. Hapa Tanzania wengi wetu huliita kila gari la namna hiyo Noah, ingawa Noah ni jina la aina moja tu ya Toyota. Ziko nyingine: Voxy, ambayo ni pacha wa Noah, Alphard, ambayo ni kubwa zaidi, Nissan Serena, na zile ndogo kama Wish, Isis na Sienta. Karibu zote hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika.

Labda utauliza, "Gari na darasa la kusoma wapi na wapi?" Nitakujibu. Gari lililokwisha kutumika limejaa maandishi. Kuna maandishi kwenye matairi, kwenye kibati cha injini, kwenye kibao cha namba na kwenye kadi. Muuzaji asiye mwema hutumaini kwamba wewe utatazama rangi tu. Lakini wewe sasa unajua herufi, na tarakimu unazijua. Basi twaa penseli yako.

Tuseme iko jamaa moja: baba, mama, watoto wanne, na bibi yao mzaa baba. Hao ni watu saba. Walipokuwa na watoto wawili, bajaji iliwatosha kwenda kanisani au hospitali. Sasa haiwatoshi. Wameweka akiba miaka sita, wakaongeza na mkopo wa SACCOS, na sasa wana shilingi 15,000,000. Fedha kama hizo hazirudi upesi zikipotea. Tena kama gari litaharibika mwezi wa pili, mkopo hautaharibika nalo. Utaendelea kudaiwa.

Neno la kwanza: hesabu viti kwa kuvikalia, si kwa kuviona. Nendeni nyote kulitazama gari, na bibi pia. Katika Wish safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima atakaa magoti yakigusa kidevu. Katika Noah watu wanane hukaa vizuri zaidi, ila viti vya nyuma vikiwa vimefunguliwa, nafasi ya mizigo ni ndogo. Toka Dar es Salaam mpaka Moshi ni kilometa zipatazo 550. Mtafika huko Desemba na watu saba, lakini magunia ya mchele yatakaa wapi? Watu huyapandisha juu ya keria. Mzigo mzito juu ya paa hulifanya gari liyumbe katika kona, na gari refu la namna hii huyumba kuliko gari dogo. Basi fikirini mapema.

Vuta kila mkanda wa kiti mpaka mwisho, halafu uachie. Ukikataa kurudi, au kama umekatwa, huo si mkanda. Watoto wa safu ya tatu wako karibu kabisa na mlango wa nyuma, nao ndio husahauliwa. Tazama vile vile mlango wa kuteleza. Noah za zamani zina mlango mmoja wa namna hiyo, upande wa kushoto. Hilo ni jambo jema, kwa maana sisi twaendesha kushoto na watoto hushukia pembeni, si katikati ya barabara. Zile zilizofuata zina milango ya kuteleza pande zote mbili. Ukinunua hiyo, tafuta kile kijiti kidogo kwenye ukingo wa mlango ambacho humzuia mtoto asiufungue kutoka ndani. Mlango wa kulia uwe umefungwa hivyo siku zote.

Sasa tuzungumze kidogo kwa nini magari haya hutoka Japani. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko kulia. Tena serikali yao huamuru kila gari dogo la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka mitatu ya kwanza, na baadaye kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo matengenezo yanavyoongezeka. Watu wengi huona ni heri kuliuza. Ndiyo sababu gari la Japani laweza kuwa na umri mkubwa na bado likawa zima.

Lakini gari lililoshuka bandarini mwaka huu si sawa na gari lililokaa hapa kwetu miaka kumi mikononi mwa watu wanne. Na hapo ndipo twaanza kusoma.

Soma kwanza kibao cha namba. Kama kibao ni cha njano, gari ni la mtu binafsi. Kama ni cheupe, gari limesajiliwa kwa biashara. Noah nyingi zimebeba abiria mikoani, asubuhi mpaka usiku, watu wakiwa wamebanana. Gari lililotoka katika kazi hiyo laweza kupakwa rangi na kupewa kibao cha njano, lakini reli ya mlango wa kuteleza haidanganyi. Fungua na kufunga mlango mara kumi. Ukiona unaning'inia au unakwama, na matundu ya skrubu za viti ni mengi kuliko skrubu, uliza gari lilifanya kazi gani.

Sasa herufi. Utawasikia watu wakisema, "Hii ni namba D," au "Hii ni namba E," kisha bei ikapanda. Herufi hiyo ni ile inayokuja mara tu baada ya tarakimu tatu. Inakuonyesha gari lilisajiliwa Tanzania wakati gani. Haikuonyeshi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 lililoingia nchini juzi litapata namba mpya kabisa, na litaonekana kijana. Ni kama mzee aliyejiunga na darasa hili jana. Jina lake liko mwisho wa daftari, lakini mvi zake ni zile zile.

Umri wenyewe utausoma kwenye kadi ya gari. Kadi imeandikwa Kiingereza, lakini usiogope. Mwaka ni tarakimu nne, utauona. Humo mna mwaka wa kutengenezwa, namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na jina la mwenye gari. Namba ya chesisi ndiyo kubwa kuliko zote. Imepigwa muhuri katika chuma cha gari lenyewe. Mwambie fundi akuonyeshe mahali ilipo, maana kila aina ina mahali pake. Kisha shika kadi mkono mmoja, uweke kidole kwenye chuma, usome herufi moja moja na tarakimu moja moja. Zote zifanane. Kama moja tu ni tofauti, au chuma kimekwaruzwa hapo, ondoka. Usibishane, usiombe kupunguziwa bei. Ondoka.

Tena mwanzo wa namba hiyo hukuambia aina ya gari. Noah zinazoanza na SR40 ni za kuanzia mwaka 1996 hadi 2001. Zinazoanza na AZR60 ni za kuanzia 2001 hadi 2007. Baada yake zikaja ZRR70. Kila moja ina tabia yake.

SR40 injini yake iko chini ya viti vya mbele. Fundi huinua kiti ndipo aione. Rejeta iko mbele kabisa, na mipira ya maji husafiri njia ndefu kufika kwenye injini. Mpira mmoja ukivuja, gari huchemsha, na dereva asiyetazama mshale wa joto ataunguza gasketi ya silinda hedi. Tena injini hiyo ya petroli ina mkanda wa taimingi, ambao yafaa ubadilishwe kila kilometa 100,000. Uliza ulibadilishwa lini. Mwenye gari asipojua, hesabu kwamba haujabadilishwa, utie gharama yake katika bei.

AZR60 injini iko mbele, nayo hutumia mnyororo mahali pa mkanda. Lakini petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu nyingi. Inataka petroli safi, na spea zake za pampu si rahisi. Kuna fundi wengi waijuao SR40 kwa kufumba macho, ambao mbele ya AZR60 hubahatisha. Basi kabla ya kununua, uliza mtaani kwako ni nani anayeifahamu. Baadhi ya magari haya yana gia otomatiki za namna ya mkanda, ambazo hutaka mafuta yake maalumu. Ukitiwa mafuta ya gia ya kawaida kwa sababu ni rahisi, utanunua gia boksi nyingine, na hiyo si rahisi.

Sasa inama usome tairi. Ubavuni mwa tairi, katika duara ndogo, utaona tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Jaribu hili: 0816. Mwalimu asiwasaidie. Ndiyo, juma la 8 la mwaka 2016. Watengenezaji wengi wa matairi wanashauri kwamba tairi lisitumike kupita miaka 10, hata kama meno yake ni marefu na linaonekana zima. Mpira huzeeka ukiwa umesimama. Soma matairi yote manne, na la tano la akiba. Wakati mwingine utaona tairi limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji, lililokuja na gari kutoka Japani. Mpira wake ni laini, na lami yetu ya moto hulimaliza upesi.

Mita ya kilometa isome, lakini usiiamini peke yake. Wako watu ambao kazi yao ni kuirudisha nyuma. Ukiambiwa gari limekwenda kilometa 70,000 tu, tazama pedali ya breki, tazama usukani, tazama kiti cha dereva. Kama mpira wa pedali umelika mpaka chuma chaonekana, na usukani unang'aa kama kisigino, basi mita inasema jambo moja na gari linasema jingine. Mimi nasadiki gari.

Hapo ndipo dalali atakapokuja na maneno yake. "Bosi, gari halijaguswa hili. Ni kuweka mafuta tu na kuondoka. Kuna mama anakuja na pesa saa nane." Huyo mama wa saa nane nimemsikia katika kila mji. Mjibu kwa adabu, "Kaka, kama anakuja, na aje. Mimi naomba kulitazama asubuhi likiwa baridi."

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu injini yenye ugonjwa huficha ugonjwa wake ikiwa imekwisha pashwa moto. Fika bila kuahidi saa. Weka mkono karibu na injini. Kama ina joto, mtu ameiwasha kabla yako, rudi siku nyingine. Kabla ya kuiwasha, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute wa rangi ya maziwa, yaelekea maji yameingia katika oili. Kisha liwashe na mtu asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikiwa imepata moto ni maji. Halafu liendeshwe kwenye lami na kwenye mashimo, watu saba wakiwa ndani. Gari lenye mtu mmoja halilalamiki. Likiwa na watu saba ndipo shokapu na bushi husema kweli.

Fundi awe wako, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana mabwana wawili.

Kama wataka kuagiza gari Japani mwenyewe, jua kwamba bei unayotajiwa kwa kawaida ni mpaka bandari ya Dar es Salaam, haina kodi. Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, hukadiria thamani ya gari kwa orodha yake yenyewe, si kwa risiti yako, na gari lililozeeka huongezewa ushuru. Kodi zote pamoja huweza kukaribia bei ya gari, au hata kuipita. TRA wameweka kikokotoo chao katika intaneti. Mtoto wa sekondari mwenye simu atakusomea kabla hujatuma hata senti. Msikilizaji wa Kenya yeye ana sheria nyingine: kwao gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa kabisa.

Karatasi nitazipita upesi, maana juma lijalo tuna somo zima juu yake. Taka kadi yenyewe, si nakala. Muuzaji akisema kadi iko nyumbani, au iko benki, huenda gari limewekwa rehani. Angalia kwa simu kama gari lina deni la faini za barabarani, na kama bima yake ni ya kweli. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria na mashahidi, na kadi ihamishwe kwa jina lako katika TRA. Gari likiendelea kuitwa la mtu mwingine, siku ya ajali ndipo utajua uzito wake.

Sasa tufike kwenye hesabu, ambayo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyosema. Gari hununuliwa siku moja, lakini hula kila siku. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Nyumbani utaandika zako.

Tuseme gari litakwenda kilometa 30 kwa siku, siku 26 za mwezi. Zidisha: 30 mara 26 ni kilometa 780. Kama lita moja inakwenda kilometa 10, mtatumia lita 78. Bei ya petroli hubadilika; EWURA hutangaza bei mpya kila mwezi. Sisi tuseme shilingi 3,000 kwa lita. Zidisha: 78 mara 3,000 ni shilingi 234,000. Ongeza bima: kama ni shilingi 600,000 kwa mwaka, gawanya kwa 12, ni 50,000 kwa mwezi. Ongeza akiba ya oili, matairi na spea, tuseme 80,000. Jumlisha. Umepata 364,000? Vema.

Sasa toa nauli mnayotumia leo. Kama jamaa ile hulipa 150,000 kwa mwezi kwa daladala na bajaji, gari litawataka shilingi 214,000 zaidi, kila mwezi, na mkopo wa SACCOS bado haujalipwa. Baba na mama waketi chini waulizane: fedha hizo zitatoka wapi? Kama jibu ni "Mungu atajua," basi gari hilo litasimama juu ya mawe uani, kuku watataga ndani yake. Wapo watu ambao kwao hesabu hii hutoka vizuri, na wapo ambao yafaa wangoje mwaka mmoja. Kungoja si aibu.

Jambo jingine la hesabu. Mwenye shilingi 15,000,000 asinunue gari la shilingi 15,000,000. Mimi ningetenga sehemu ya tano, ndiyo shilingi 3,000,000, nisiiguse mpaka gari liwe langu. Katika miezi mitatu ya kwanza gari huleta madai ambayo muuzaji aliyajua nawe hukuyajua: matairi, betri, mpira wa maji, breki. Afadhali gari la milioni 12 lenye akiba nyuma yake kuliko la milioni 15 na mfuko mtupu. Najua gari la milioni 12 halina taa nzuri kama lile jingine. Taa hazimpeleki bibi hospitali.

Tena kuna gharama isiyoandikwa popote. Siku gari litakapoingia uani, litakuwa la mtaa. Jirani mjamzito ataumwa usiku. Kutakuwa na msiba Kibaha, na harusi Bagamoyo, na wote watajua lina viti vinane. Mengine yafaa kuyafanya, na mengine yafaa kukataa. Baba na mama wapatane mapema ni safari gani wataitika, nani atie petroli, na nani atajibu mlangoni. Maana mara nyingi baba hukubali barabarani, na mama ndiye hulipa jikoni. Lakini msipokee nauli. Bima ya gari la mtu binafsi haikusudiwi kwa abiria wa kulipa, na biashara ya abiria hutaka leseni ya LATRA. Mkipata ajali na abiria waliolipa, kampuni ya bima huweza kukataa kuwalipa.

Likiwa lenu, lianzisheni daftari lake. Andika tarehe, kilometa na kazi iliyofanywa: oili, plagi, breki, maji ya rejeta. Mtoto anayejua kuandika apewe kazi hiyo. Daftari hilo litakusaidia kumkumbusha fundi, na siku ya kuuza litakuongezea bei, maana ni wauzaji wachache walio nalo.

Kazi ya juma hili ni hizi. Kwanza, tafuteni gari lolote lililosimama karibu na darasa, mwombeni mwenyewe ruhusa, msome umri wa matairi yake yote na kuuandika. Pili, kila mmoja aandike hesabu ya mwezi kwa bei ya petroli ya mahali pake na kilometa za safari zake mwenyewe, halafu mlinganishe. Mwalimu akusanye madaftari siku ya Alhamisi. Juma lijalo njooni na kadi ya gari au ya pikipiki, hata nakala, tuisome mstari kwa mstari. Kwaherini.